Njuka Aliyenizaa

Asubuhi ambayo mama yangu mzazi alinipa shikamoo mbele ya shule nzima, nilikuwa nimeshika bakuli la uji, na naomba ieleweke na wote wanaohusika kwamba sikuumwaga.

Alisimama kwenye foleni ya kidato cha kwanza, kati ya mtoto mmoja aliyekuwa akilia kwa kukumbuka kwao na mwingine ambaye tai ilikuwa imemshinda. Sketi ya bluu, soksi nyeupe mpaka magotini, kichwa kimenyolewa kama vyetu. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu. Akakunja mikono nyuma kama alivyofundishwa na viranja, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya paredini:

"Shikamoo, dada Tunu."

Bwalo zima likageuka. Hata mpishi akaacha kukoroga.

Shule yetu ya Kwemasimba ina sheria nyingi, lakini ya kwanza ni hii: cheo ni kidato, si umri. Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, humwita dada kila aliye juu yake, humpa shikamoo, humpisha bombani. Sheria hiyo iliwekwa zamani, kabla ya Mpango wa Kurudi, kabla Serikali haijaanza kutuletea watu wazima waliopokonywa kazi na mashine, waje wavae sketi na kulala nasi kwenye vitanda vya dabodeka. Hakuna aliyeirekebisha. Mkuu wa shule alituambia kwamba anayerudi shule arudi mzima mzima, au abaki kwake.

Nikafanya kilichonipasa.

"Marahaba, njuka. Umeoga?"

"Nimeoga, dada."

"Na nyuma ya masikio?"

"Hapo nimekuachia wewe, dada, ukague."

Bwalo likapasuka kwa kicheko. Rafiki yangu Leokadia, ambaye hucheka kwa pua, alitokwa na uji mahali ambapo uji hautakiwi kutokea. Mama akanikonyeza. Wengine wana mama wanaowaaibisha kwa bahati mbaya. Wangu alikuwa akikusudia, na alikuwa na kipaji.

Kuanzia siku hiyo nikawa dada Tunu. Nilimtuma maji. Nilimwamuru atandike kitanda upya. Yeye alitii kwa heshima iliyonuka dharau, na kila nilipompita alisimama wima kama mlinzi wa benki. Wengine waliorudi walikuwa watu wanyonge, akina mama wakimya waliokuwa wakijificha nyuma ya daftari. Mama yangu alionekana kama mtu aliyekuwa akiingojea hii sketi tangu zamani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Aliondolewa shule akiwa kidato cha pili, anaongoza fizikia, kwa sababu ya tumbo. Ndani ya tumbo nilikuwa mimi. Baba yangu ni mada isiyokuwamo kwenye mtaala, tuendelee.

*

Jina lake Kibibi Shekiondo, na kazi yake ilikuwa kusuka nywele, pale barazani kwetu Ngamiani, Tanga. Alikuwa akisuka twende kilioni huku akibishana na watu watatu, na mstari hauendi upande. Wateja wote aliwaita mwanangu. Bibi harusi, mke wa imamu, mzee wa miaka themanini mwenye nywele chache za kubembeleza, wote: "Mwanangu, inamisha kichwa. Mwanangu, vumilia, nimefika kisogoni." Nami, nikirudi likizo nywele zimeota kidogo, nilikaa kwenye kigoda kilekile, kati ya magoti yaleyale.

"Mwanangu, inamisha kichwa. Mgandamizo wa maji unaongezeka kwa kutegemea nini?"

"Kina."

"Kina na nini tena?"

"Na maumivu. Mama, unanivuta."

"Na uzito wa hayo maji. Ungesoma ungejua. Geuka."

Fizikia yote niliyonayo imeingilia kisogoni.

Kisha vikaja vibanda vyenye mikono ya chuma. Unaingiza kichwa, unachagua mtindo kwenye kioo, unatoka wimbo mmoja haujaisha. Havina umbea. Nilidhani kwa sababu hiyo vitakufa, maana nani anakwenda kusukwa ili anyamaze? Havikufa. Kigoda chetu kikaanza kukaliwa na paka.

Mpango wa Kurudi ulipotangaza nafasi za uhandisi wa maji, mama aliomba siku hiyohiyo, na akaomba Kwemasimba. Walimwuliza kwa nini shule ile. Akasema ana dada yake huko, mtukutu, anahitaji mtu wa kumwangalia.

*

Sasa tuje kwenye kengele. Kengele ya shule yetu si ya kugonga. Ni sauti iliyorekodiwa, inayosema kwa upole, "Wasichana, amkeni." Mimi na njuka mmoja, ambaye sitamtaja ila alinizaa, tuliiondoa sauti hiyo tukaweka mkoromo wa matroni. Shule iliamshwa kwa mkoromo. Matroni mwenyewe aliamka akidhani kuna mtu chumbani kwake.

Nililibeba kosa peke yangu, maana anayerudi akipata adhabu mbili huondolewa kwenye Mpango. Nikapewa wiki ya kudeki Chumba cha Kupisha.

Chumba hicho kiko nyuma ya maktaba. Kina kiti kimoja cha kuegemea, kofia yenye nyaya nyembamba kama nyuzi za buibui, na kioo kikubwa ukutani. Msimamizi wake ni Mwalimu Ngaiza, Mhaya mmoja mpole anayetafuna buni kavu tangu asubuhi na kuongea kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Mwalimu," nikamwuliza huku nikisukuma tambara, "hivi wanaorudi lazima wafutwe?"

"Hawafutwi. Wanapishwa." Akatafuna. "Kichwa cha mtu mzima ni kama bweni lenu, Tunu. Kila kitanda kina mwenyewe. Ukileta njuka alale, mmoja lazima ahame. Mtoto bado ana vitanda vitupu, ndiyo maana anajifunza haraka. Sisi tunamwondolea mtu mzima ile kazi ya zamani, ndipo mpya inaingia kwa kasi ya mtoto. Miaka kumi ya kusoma inakuwa miwili."

"Mnajuaje kazi inakaa wapi?"

"Kazi haionekani. Kinachoonekana ni maneno." Akaniwashia kioo. Madoa ya mwanga yalijaa kama taa za mji ukiwa juu ya mlima. "Kila kazi ina neno ambalo mtu alikuwa akilisema mikono ikifanya kazi. Kumbukumbu zote za kazi zimejishikiza hapo. Tunaliita shina. Tukilipata, tunaling'oa, na matawi yanafuata. Kwa mfano karani wa bandari, shina lake ni kontena. Huyo ni rahisi. Hakuna mtu anayemwita mke wake kontena."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikaona jina lililoandikwa pembeni ya kioo: Shekiondo, Kibibi. Na katikati ya yale madoa, pale yalipong'aa kuliko kote, neno moja.

Mwanangu.

Niliacha kudeki.

"Mwalimu. Mimi niko humo?"

Akasogeza picha karibu, akagusa doa moja, kisha jingine, akisikiliza kitu kwenye kifaa cha sikioni. Alipogeuka alikuwa ameacha kutafuna.

"Uko katikati," akasema.

Alinieleza bila kuzunguka, na kwa hilo namheshimu. Mashine haiwezi kutofautisha mwanangu wa kibarazani na mwanangu wa kuzaa, kwa sababu yalisemwa na mdomo uleule, mikono ikiwa kwenye nywele zilezile. Aking'oa shina hilo, ususi utatoka na mimi nitatoka. Akiliacha, ususi hautoki, na asiyepishwa hawezi kuendelea na Mpango. Mama atarudi Ngamiani kwa paka wake.

"Leo nilikuwa nimwite nimwambie," akasema. "Ni haki yake."

"Nitamwambia mimi."

"Utamwambia kweli?"

Swali hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa limeshanijia. Ningeweza kunyamaza, mama yangu akawa mhandisi. Ningeweza kusema, akafunga tranka. Maana nilimjua, angelifunga kabla sijamaliza sentensi. Na ingekuwa mara ya pili mimi kumtoa shule.

"Nitamwambia," nikasema.

*

Nilimkuta Jumamosi kwenye karo la kufulia, akisugua kola ya shati. Nikamwambia yote. Hakusimama. Aliendelea kusugua mpaka nikaogopa kola itatoka.

"Basi kesho nafunga tranka," akasema.

"Hapana."

"Tunu, usinichezee."

"Sichezi. Mara ya kwanza hukuulizwa. Mimi pia sikuulizwa, nilikuwa naogelea humo ndani. Safari hii naulizwa, na nasema ubaki."

"Wewe ni mtoto."

"Mimi ni kidato cha tatu. Wewe ni njuka. Njuka, kaa."

Alinitazama. Nilikuwa nimesema kwa ile sauti ya bwalo, sauti ya kumtuma maji, lakini midomo yangu ilikuwa ikitetemeka na ikaniharibia heshima. Akalitupa shati ndani ya beseni, akakaa ukingoni mwa karo, akanivuta nikae. Mikono yake ilikuwa na povu. Akaiweka juu ya kichwa changu kipara, vidole vikajigawa vyenyewe, vitatu vitatu, vikitafuta nywele.

"Siwezi kulipa bei hiyo, mwanangu," akasema.

Na neno hilo, pale pale, likanipa wazo. Najulikana shule nzima kwa mawazo. Mengi yameishia ofisini.

"Usiniite hivyo," nikasema. "Niite dada Tunu."

"Sasa si wakati wa..."

"Sikiliza. Mashine inafuata neno. Mimi niko kwenye mwanangu kwa sababu ndivyo unavyoniita. Lakini tangu uje hapa unaniita nani?"

Niliona fizikia ikipita machoni mwake.

"Dada Tunu," akasema polepole.

"Tunahama. Kila kitu changu tunakitoa kwenye mwanangu, tunakipeleka kwenye dada Tunu. Wakija kung'oa shina, wanakuta wateja tu."

"Tunaihadaa mashine."

"Tunaihadaa mashine."

Mama yangu akacheka, na kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akayafuta kwa povu, likamwingia machoni, tukapoteza muda kidogo kwa hilo.

*

Kuanzia hapo, kila jioni saa za prepo, wengine wakijisomea, tuliketi dawati la mwisho, mimi, mama na Leokadia, tukahamisha mizigo. Mwalimu Ngaiza alisema inawezekana, ila hajapata kuona. Masharti yalikuwa mawili: lile neno lisitamkwe tena kwangu hata kwa bahati mbaya, na kila kumbukumbu isimuliwe upya, kwa sauti, kwa jina jipya.

"Siku dada Tunu alipozaliwa," mama alisema, mikono amefunga mbele yake kama anayesoma habari, "ilikuwa mvua, maji yakaingia wodini, manesi wamekunja sare. Dada Tunu alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, wa bluu kabisa. Dada Tunu hakulia. Alipiga chafya."

"Muhimu hilo," nikasema. "Liandikwe kwenye historia."

"Dada Tunu alipokuwa na miaka minne alimnyoa mbuzi wa jirani."

"Mbuzi aliomba."

"Dada Tunu alipougua surua alikuwa hataki kulala mpaka ashike sikio la..." Akasita. "Mpaka ashike sikio."

"Sikio la nani?" akauliza Leokadia.

"Sikio tu," nikadakia. "Endelea."

"Lakini nauliza," Leokadia akasema, ana tabia ya kuuliza, "huyo dada Tunu, siku ile ya mvua, alizaliwa na nani?"

Mama alifungua mdomo. Nikaona neno limefika mlangoni, na kama angesema nimemzaa mimi, lile jingine lingefuata nyuma yake, kwa sababu hajapata kulisema moja bila jingine. Akafunga mdomo. Mimi nikasema hilo tuliruke, tutalirudia mwishoni.

Ndivyo tunavyofundishwa kufanya mtihani. Swali likikupa shida, liruke, fanya unayoyaweza, utalirudia. Sote watatu tulikuwa wanafunzi wazuri. Tuliliruka.

Na ilifanya kazi. Wiki baada ya wiki, kwenye kioo cha Mwalimu Ngaiza, madoa yangu yalianza kusogea. Mvua ya wodini ilihama. Mbuzi alihama. Surua ilihama. Kando ya mji ule mkubwa wa mwanga kikaota kijiji kidogo, na jina lake lilikuwa langu.

"Umetoka kwenye shina," Mwalimu Ngaiza akasema siku ya ukaguzi wa mwisho. Alikuwa akitabasamu, lakini akaongeza, "Mashine inasema umetoka. Haisemi umetoka ukiwa nani."

Tulimsikia kama tunavyomsikia mwalimu akisema tusome swali lote kabla ya kujibu. Tayari tulikuwa tukirukaruka.

Asubuhi ya kupishwa nilimsindikiza. Nje ya mlango wa chumba alinishika mabega. Alikuwa amepiga pasi sketi mpaka ingeweza kusimama yenyewe.

"Nikitoka humu," akasema, "sijui hata kitana nitakishika vipi."

"Hapa hatuna nywele, hutajiaibisha."

Akacheka. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa ule wa barazani, ule wa jioni watu wakishaondoka, na nikaona midomo yake ikijiunda kwa ile herufi ya kwanza.

Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Lingeturudisha mwanzo. Kazi yote ingeharibika kwa neno moja. Alibaki hivyo, pumzi yake imejaa mkononi mwangu, ananitazama. Halafu akatikisa kichwa kukubali, nikatoa mkono, akasema, "Kwaheri, dada Tunu," akaingia.

*

Alipoamka nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Akafumbua macho, akaniona, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Nikajua tumeshinda.

"Shikamoo, dada Tunu."

"Marahaba." Sikuweza kuzuia kicheko. "Unanikumbuka."

"Nitakusahau vipi? Umenisumbua muhula mzima." Akajiinua kwa kiwiko. "Kengele ya mkoromo. Lile bakuli la uji."

"Na mbuzi?"

"Ulimnyoa mbuzi wa watu."

"Na siku niliyozaliwa?"

"Mvua. Maji yakaingia wodini. Kitovu shingoni, ukapiga chafya." Alikuwa akitabasamu, anafurahia kujibu vizuri. "Ulinisimulia vizuri sana, dada. Naiona kama nilikuwepo."

Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya shuka kama mikono ya mgeni aliyeambiwa asubiri sebuleni.

"Ni mimi niliyekusimulia?" nikauliza.

"Si wewe? Kwenye prepo. Nani mwingine angenisimulia?"

Mwalimu Ngaiza alikuwa amesimama mlangoni. Sikuhitaji kumwuliza chochote, ila nilimwuliza swali moja tu: njuka huyu anakumbuka kwa nini aliacha shule zamani?

Mama akajibu mwenyewe. "Kidato cha pili, dada. Waliniondoa kwa sababu ya tumbo." Akakunja uso, akafikiri. "Sijui lilikuwa tumbo gani. Nadhani niliugua sana."

*

Koridoni, Mwalimu Ngaiza alinieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha kwa kila neno. Kumbukumbu zote zilihama salama. Kilichokuwa kikizifunga kwake, kwamba yale yalimpata yeye, kwamba yeye ndiye aliyezaa, kilibaki kwenye neno la zamani, na neno likang'olewa.

"Naingia ndani namwambia sasa hivi," nikasema.

"Unaweza. Sina amri ya kukuzuia." Alitoa buni mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Ukimwambia, kichwa chake kitaanza kulitafuta lile shina. Halipo. Hakitaacha kutafuta. Na uhandisi hautapata mahali pa kulala. Nimewaona wawili wa namna hiyo. Hawakuwa na kazi ya zamani wala mpya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka fani mpya iote mizizi. Akimaliza."

"Na nikimwambia wakati huo atakumbuka?"

"Atajua," akasema. "Kukumbuka ni kitu kingine."

Kwa hiyo nilifanya uhuni mkubwa kuliko wote katika historia ya Kwemasimba, na matroni, mkuu wa shule na wapishi walikuwamo. Nilipita bweni kwa bweni. Nilisimama juu ya tranka za watu na kuwaomba wasimwambie. Sikumaliza maneno kwenye bweni hata moja, Leokadia ndiye aliyemalizia. Shule ya wasichana mia nne, ambayo haiwezi kuficha habari ya chapati, ilificha hiyo. Mama alipoona kwenye orodha ya shule kwamba tuna ukoo mmoja na kuniuliza kama labda sisi ni ndugu, mtoto wa kidato cha kwanza, yule wa tai, alidakia haraka: "Akina Shekiondo wako wengi huku milimani, mama."

Alimwita mama. Wote wa kidato cha kwanza walimwita mama, kwa umri wake. Mimi peke yangu sikuweza.

Naye alikuwa moto. Uhandisi ulimwingia kama ulikuwa na ahadi naye. Kufikia katikati ya muhula uliofuata alikuwa akiwafundisha walimu. Siku moja aliletwa darasani kwetu, akachora bwawa ubaoni, akatuonyesha maji yanavyosukuma ukuta kwa chini kuliko juu, akageuka na kuniuliza mgandamizo unategemea nini.

"Kina," nikasema.

"Na nini tena, dada?"

Darasa zima lilikuwa likiniangalia. Nikasema, uzito wa hayo maji. Akasema vizuri sana.

*

Siku ya kutembelewa wageni walikuja na mabeseni, na uwanja ukanuka pilau. Leokadia alikuwa katikati ya shangazi zake watano. Mimi nilikuwa na nafasi nzuri kwenye benchi la nyuma ya maabara, mahali pasipopita mtu, na hoja zangu za kuwa hapo zilikuwa nzito na za kitaaluma.

Njuka akanikuta. Alikuwa na sahani ya pilau aliyogawiwa na mama wa mtu.

"Naweza kukaa, dada?"

"Kaa."

Akakaa. Akaweka sahani katikati yetu. Akanisukumia nyama, zote mbili.

"Mimi sina wa kuja," akasema. "Lakini wewe je? Mama yako yuko hai?"

Hapo hapo ningeweza kusema. Hakukuwa na mtu karibu. Alikuwa amenigeukia kabisa, ana mchele kidevuni, na lilikuwa neno dogo tu. Nilikuwa nimeshaliumba mdomoni. Kwenye daftari lake, lililochungulia mfukoni mwa sketi, niliona kona ya mchoro wa bwawa.

"Yuko hai," nikasema.

"Mbona hajaja?"

"Amerudi shule."

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

Akafurahi kusikia. Akataka kujua anasoma nini, nikamwambia, akasema ni somo gumu lakini tamu. Akauliza kama anafaulu. Nikasema anaongoza darasa. Akaangalia uwanjani kwa muda, watoto wanalishwa, kina mama wanakagua kucha.

"Unamkasirikia?" akauliza.

"Hapana."

"Kidogo?"

"Kidogo. Kwa siku kama ya leo."

Akaitikia kwa kichwa. Aliinua mkono kama anataka kunigusa kichwani, kisha akakumbuka mimi ni dada, akaurudisha magotini.

"Siku ukiongea naye," akasema, "mwambie kuna njuka mmoja huku anakuangalia. Asiwe na wasiwasi. Asome."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Kengele ikasema kwa upole, wasichana, rudini. Akainuka, akajifuta mikono kwenye sketi, akaniaga kwa heshima zote zinazotakiwa na sheria, akakimbia kuwahi foleni na watoto wa darasa lake, soksi moja imeshuka.